Picha Inakatika

Muuzaji alisema tableti ile ni ndogo, inaingia kwenye mkoba wa mama yeyote, lakini mambo yake ni makubwa. Alisema hivyo hivyo kwa kinywa chake, huku akikipangusa kioo kwa pindo la shati. Ina mahali pa laini, akasema, kwa hiyo huhitaji Wi-Fi ya mtu wala kuombaomba kwa jirani. Popote penye mtandao, na wewe upo. Chaji inakaa kutwa. Kamera ya mbele ina akili, inamtambua binadamu. "Dada, ukichukua hii umemaliza," akasema, na Breki, ambaye kwa kawaida hamwamini mtu anayemwita dada kabla hajatoa pesa, siku hiyo aliamini. Alikuwa na shida, jamani, na alitaka sana kuamini.

Breki si jina alilopewa na wazazi. Ni mwalimu wa udereva, na hilo ndilo neno analolipigia kelele kuliko neno jingine lolote duniani, basi wanafunzi wakambandika. Watu hudhani mwalimu wa udereva lazima awe na subira. Hao watu hawajawahi kukaa kiti cha abiria huku mtu mzima na akili zake anakanyaga mafuta mbele ya ukuta. Breki subira yake iliisha zamani, na iliyobaki alikuwa akimwekea baba yake.

Baba yake ni fundi seremala, na ni kiziwi tangu kuzaliwa. Mdogo wake, yaani baba mdogo wa Breki, ni fundi viatu, naye kiziwi vilevile. Walizaliwa wawili hao katika nyumba ya watu wanaosikia, na hakuna aliyewapeleka shule ya viziwi, wala hakuna aliyejua kama shule hiyo ipo. Basi wakajitengenezea lugha yao wenyewe. Usifikirie ile lugha ya alama inayoonyeshwa pembeni mwa taarifa ya habari. Ile wakiitazama hawaambulii kitu. Yao ni yao. Mjomba wao mlevi aliitwa kwa kidole gumba kinachoyumba. Breki mwenyewe anaitwa kwa kuzungusha usukani. Marehemu mama yake aliijua lugha hiyo kidogo, Breki anaijua zaidi, lakini ndugu hao wawili wakikolea, wakianza umbea wa utotoni na vichekesho vyao, hata Breki hubaki anatazama mikono tu. Duniani kote Baba ana mtu mmoja wa kuzungumza naye kwa raha, na mtu huyo anaishi mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi.

Zamani baba mdogo alikuwa haachi kuja. Atakaa karakana kati ya maranda, watazungumza hadi wateja waondoke wenyewe. Mara ya mwisho alikuja na viatu alivyomshonea Baba, na mshono wa kiatu kimoja ulikwenda upogo kutoka kisigino hadi kwenye kidole. Baba akakiinua mbele ya wateja, akauliza kwa mikono kama fundi alikuwa amekunywa pamoja na mjomba. Wateja hawakuelewa maneno, lakini kiatu walikiona, wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Aliondoka kesho yake asubuhi, na tangu hapo hakuja tena. Ukimpigia mama mdogo, mkewe, ambaye anasikia, utaambiwa kazi nyingi, mara mguu unamuuma, mara mvua.

Baba hakuhitaji kuambiwa. Aliingia moyoni mwake akajihukumu. Mbao zikaletwa, zikakaa. Mteja wa kitanda akaja mara ya kwanza, akaja mara ya pili, mara ya tatu akaja na maneno. Baba akawa anakaa juu ya benchi la kazi, mikono imelala mapajani, na kwa mtu kama yeye mikono ikilala ndiyo kimya chenyewe. Breki akimuuliza ana nini, anajibu jambo lile lile: nataka kumwomba mdogo wangu msamaha, na nataka anione ninapomwomba. Ujumbe wa kuandika haumsaidii, kwa kuwa wote wawili wanajua kusoma vipimo na majina yao, basi. Walijaribu simu ya Breki. Kioo kidogo, mikono mikubwa, na mkono mmoja ukishika simu unabaki na mmoja wa kusemea. Jaribu wewe kuzungumza huku umebana nusu ya mdomo.

Ndiyo maana Breki alinunua tableti, na kisimamio chake juu.

Alipoweka laini, tableti ikaandika kwamba hakuna huduma. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Hakuna huduma. Akaizima, akaiwasha. Hakuna huduma. Akaenda ofisi ya mtandao, akapanga foleni, na alipofika dirishani akakuta kijana wa watu amevaa tai na tabasamu.

"Laini ni mpya, haijawashwa," kijana akasema. "Mwenye laini apige hii namba, asikilize maelekezo."

"Mwenye laini ni baba yangu. Hasikii."

"Sawa. Basi apige tu, asikilize."

Breki akavuta pumzi. "Kaka yangu. Nimesema hasikii. Kiziwi."

"Pole sana. Hana mtu wa kumsikilizia?"

"Yupo. Ni mimi."

"Wewe si mwenye laini," kijana akasema, kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliomfanya Breki atake kuruka lile dirisha. Halafu tableti yenyewe haipigi simu za kawaida, ni ya mtandao tu. Kwa hiyo laini inatakiwa ipige simu ikiwa ndani ya kifaa kisichopiga simu, na mwenye nayo asikilize kwa masikio asiyokuwa nayo. Breki alilieleza hilo kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia, na mama mmoja nyuma akaitikia, "Semaa!" Mwishowe laini ikaandikishwa upya kwa jina la Breki. Nusu ya siku ikawa imekwenda na maji.

Jioni ile ile wakapiga. Upande wa pili mama mdogo alikuwa ameegemeza simu yake kubwa kwenye kopo la gundi ya viatu, na baba mdogo amekaa mbele yake, yeye mama mdogo ameweka mkono begani mwa mumewe. Baba alipomwona mdogo wake alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikuwa amevaa shati la kupiga pasi. Akainua mikono aanze.

Na hapo ile kamera yenye akili ikafanya akili yake. Ikatafuta uso wa Baba, ikaupata, ikausogelea hadi ukajaa kioo kizima, ndevu na pua. Mikono ikabaki nje. Baba akarudi nyuma ionekane, kamera ikamfuata. Akasogea kushoto, ikamfuata. Akainua mikono usawa wa mashavu, na wapi, ikaifanya ukungu, maana imefundishwa kwamba chochote kisicho uso ni uchafu wa nyuma ya picha. Katika ile pembe ndogo ya kioo Breki akaona kile ambacho upande wa pili wanakiona: mzee anayetikisa kichwa mbele ya moshi wa rangi ya ngozi.

Baba mdogo akasema kwa mikono, "Sioni. Picha mbaya." Baba akaipa tableti jina papo hapo kwa lugha yao: kofi kwenye kiganja. Tangu siku hiyo ikaitwa Kofi.

Kesho yake Breki alikuwa dukani kabla muuzaji hajafungua mlango vizuri.

"Hiyo ndiyo sifa yake kubwa!" muuzaji akasema. "Inakufuata uso popote unapokwenda. Watu wanailipia hiyo."

"Baba yangu anazungumza kwa mikono."

Muuzaji akacheka. "Hata mimi nikikasirika nazungumza kwa mikono." Kisha akauona uso wa Breki, akaelewa, akaacha kucheka, akaona haya kweli. Akaingia kwenye mipangilio, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akabadilisha lugha bila kukusudia, tableti ikaanza kuandika maneno ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyajua. Wakahangaika kuirudisha. Breki ndiye aliyeikuta ile sehemu mwishowe, imejificha ndani ya sehemu nyingine: kufuata uso, zima; kufifisha nyuma, zima; kulainisha ngozi, zima, nani kakwambia fundi seremala anataka kulainishwa. Akafunga mkoba akaondoka bila kuaga.

Mara ya pili mikono ilionekana. Tatizo sasa likawa mtandao. Nyumba ya Baba iko bondeni, nyuma ya maghala, na mtandao hapo unaingia kwa kunyata kama mtoto aliyechelewa kurudi. Anayesikia akikatikiwa picha, sauti hubaki, ataunga maneno. Lakini kwa hawa picha ndiyo sauti. Baba mdogo alionekana vipande vipande, mkono uko hewani, mara mkono uko mapajani, na neno lililosemwa katikati limekwenda na upepo. Baba akajaribu kusema polepole, kama mtu anayemwongelesha mtoto mchanga. Hata sentensi moja haikufika nzima.

"Picha inakatika," baba mdogo akasema. "Sioni vizuri, kaka. Siku nyingine." Mama mdogo akasogea, akaaga kwa haraka, kioo kikazima.

Baba aliichukua tableti, akaiweka juu ya kabati kifudifudi, akaenda kulala na shati lake la pasi.

Breki akaapa kwamba ataupata mtandao hata kama upo juu ya mti. Akaanza kutembea na tableti kazini. Wiki hiyo alikuwa na mwanafunzi mmoja, mzee mstaafu wa posta, waliyempa jina la Polepole kwa sababu hajawahi kutoka gia ya pili tangu aanze. Polepole akawa anaendesha, Breki anatazama vijiti vya mtandao.

"Mwalimu, hapa niingie kushoto?"

"Kimoja. Hapana, viwili. Aa, kimekufa."

"Mwalimu, kushoto?"

"Nenda tu unapoona mlima, huko juu kunaweza kuwa na kitu."

Polepole akapanda mlima. Akashuka mlima. Akazunguka soko, akapita nyuma ya hospitali, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaingia gia ya tatu bila mtu kumtukana. Karibu agonge nguzo ya umeme, na Breki, badala ya kupiga kelele yake, akapiga kelele nyingine. "Vinne! Vimejaa vyote vinne! Simama hapo hapo!" Walikuwa wamefika kwenye uwanja wa kufundishia kurudi nyuma, ule wenye mapipa na mistari ya chokaa, na pembeni yake mnara wa simu umesimama siku zote hizo bila Breki kuukumbuka. Kila siku ya kazi anaupita. Alijitukana mwenyewe kwa utaratibu, tusi moja baada ya jingine.

Alasiri akamleta Baba. Akaegesha gari la chuo cha udereva karibu na mnara, akaisimamisha tableti juu ya dashibodi ikitazama kiti cha abiria, akamketisha Baba hapo, akamfungulia kioo hewa iingie. Yeye mwenyewe akabaki kiti cha dereva, nje ya picha. Akampigia mama mdogo. Mkono wa baba mdogo ukaonekana, kisha baba mdogo mzima, safi kabisa, hata kifungo cha shati kilichoning'inia kwa uzi kikaonekana. Ile picha ndogo ya Baba pembeni nayo ilikuwa safi, mikono yote miwili, hadi vidole. Hakuna ukungu, hakuna kukatika. Breki akasema moyoni, sasa ndiyo, mshenzi wewe, sasa ndiyo.

Baba akaanza. Alikuwa amepanga maneno yake kwa siku nyingi, ilionekana. Akasema kuhusu kiatu. Akasema kuhusu wateja waliocheka. Akasema, mimi ni mkubwa wako na nilifanya jambo la kitoto. Kila neno lilikuwa wazi, lingesomeka na mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Baba mdogo akatazama. Mama mdogo, mkono begani mwake, akambonyeza. Baba mdogo akajibu, "Picha inakatika, kaka. Sioni."

Baba akarudia. Akasogea karibu. Akarudia tena.

"Sioni. Mtandao mbaya huku."

"Mimi nakuona," Baba akasema, na sasa mikono yake ilikuwa inapiga hewa. "Nakuona hadi kifungo. Unanionaje vibaya na mimi nakuona vizuri?"

"Sioni. Siku nyingine."

Baba akamgeukia Breki. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Anadanganya," akamwambia. "Namjua tangu yuko mgongoni mwa mama. Akidanganya anatazama pembeni. Mtazame! Ananiona vizuri sana. Hataki tu kunisamehe, na hata kuniambia hataki, hataki." Akafungua mlango, akashuka, akaubamiza kwa nguvu ambayo yeye mwenyewe haisikii, akaenda zake kati ya mapipa, mikono nyuma.

Breki alibaki amekaa. Hasira zilimpanda hadi utosini, na hakujua azimwage kwa nani: kwa muuzaji, kwa kijana wa tai, kwa mnara, kwa baba mdogo mwenyewe. Hasa baba mdogo. Akanyoosha mkono akate simu. Huko upande wa pili mtu alikuwa amebisha hodi. Mama mdogo akageuka, akaondoka kwenye picha, akamwacha mumewe peke yake mbele ya kopo la gundi.

Baba mdogo akainua mikono.

"Usikasirike, kaka," akasema. "Sasa picha imekuwa nzuri. Sasa nakuona kidogo."

Mkono wa Breki ukaganda njiani.

"Umekonda," baba mdogo akaendelea, akitabasamu, akikiambia kiti kitupu na mkanda unaoning'inia. "Huli vizuri. Lakini shati ni zuri, limekupendeza. Usitikise kichwa, nakuona. Viatu kaka sijaudhika navyo, mimi nilishasahau. Sema basi, mbona umenyamaza? Nakuona, nakuona." Akangoja, kichwa kimeinama upande, macho yake yakitazama mahali ambapo hapakuwa na kamera. Akangoja sana. Kisha akarudia kwamba anamwona.

Breki alifunika mdomo kwa mkono. Kila kitu alichokuwa akikipigania siku zote hizo, laini, kamera, vijiti vinne, kilianguka chini kwa pamoja, na kiatu chenye mshono wa upogo kikaja mbele yake kikiwa na maana nyingine kabisa.

Alikata simu ya picha, akampigia mama mdogo kwa simu yake ya kawaida.

"Mama mdogo. Baba mdogo ameacha kuona tangu lini?"

Akasikia mtu mzima analia kwa kujizuia, kile kilio cha puani. "Ni sukari, mwanangu. Ilianza jicho moja, tukadhani ni uchovu wa sindano. Tulipofika kwa daktari akasema tumechelewa. Sasa anaona mwanga tu, anajua mchana na usiku, basi. Namwambia kwa kumgusa bega: nikibonyeza, kaka yake amesema, nikibonyeza tena, ajibu."

"Na mkaona heri kusingizia mtandao? Mimi nimezunguka mji mzima na hii takataka! Baba hali! Halali! Anadhani amechukiwa!"

"Aliniapisha akiwa bado anaiona mikono yangu," mama mdogo akasema. "Nilimwambia mara ngapi tumwambie kaka yake. Alinijibu, kaka ananizungumzisha kwa macho yangu. Akijua yamekwisha, atapiga simu ya nini? Atanizungumzisha na nini? Heri adhani picha ni mbaya, ataendelea kujaribu." Akapenga kamasi. "Kila mkipiga anafurahi, mwanangu. Anavaa shati safi anakaa mbele ya simu. Haoni kitu, lakini anajua kaka yake yuko pale."

Breki akakata simu. Akashuka garini, akamfuata Baba kati ya mapipa. Alisimama mbele yake. Akasema ukweli ulivyo, bila kuuzungusha. Macho ya baba mdogo yamekwisha. Hakudanganya kuhusu kuona. Haoni picha, haoni mikono, haoni kitu.

Baba alimtazama. Jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa hili: "Kwa hiyo hajanikasirikia?"

"Hajakukasirikia. Anasema viatu alishasahau."

Uso wa Baba ukafunguka. Akacheka, jamani, akacheka kweli, akapiga makofi mara moja, akainua mikono kusema kitu, pengine nipigie tena nimwambie. Na mikono ikabaki pale hewani. Breki aliiona habari ikimwingia: ilianzia kwenye vidole, vikakunjwa kimoja kimoja, hadi mikono yote miwili ikashuka. Baba akaitazama kama vifaa vya kazi ambavyo vimekosa kazi. Akakaa juu ya pipa. Breki akakaa karibu naye.

Halafu Baba akamgusa goti. Akazungusha usukani hewani, akaonyesha barabara kuu.

Waliondoka kulipopambazuka kwa gari la chuo, na kibao chake cha mwanafunzi juu ya paa, na ruhusa Breki aliiomba wakiwa tayari njiani. Magari yaliwapigia honi kutwa nzima. Tableti ilikuwa bado juu ya dashibodi, vijiti vinne njia nzima, mshenzi yule, na hapakuwa na mtu wa kumpigia. Kila Breki alipomtupia Baba jicho alimkuta anatazama viganja vyake.

Mama mdogo aliwafungulia mlango, akawaonyesha ndani. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha kazi, amezungukwa na viatu ambavyo havikuwa vimeguswa, uso ameugeuzia mlangoni palipoingia mwanga. Baba alisimama mlangoni. Akainua mikono, kwa mazoea ya maisha yake yote, akamsalimu, akamwita jina lake, akamwambia nimekuja. Macho ya mdogo wake yalikuwa yamemwelekea kabisa. Hayakubadilika.

Breki aligeuka atazame ukuta. Alipogeuka tena, Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya kigoda.

Akashika mkono wa mdogo wake. Baba mdogo akashtuka, akaunyakua, akauficha kifuani. Mtu asiyeona wala kusikia akishikwa ghafla anajua tu kwamba ameshikwa. Baba akangoja. Akaweka kiganja chake chini ya kile cha mdogo wake, polepole, akakiacha hapo tu. Vidole vya fundi viatu vikaanza kupapasa. Vikapita kwenye sugu za randa, kwenye kovu la msumeno, vikapanda kifundoni, vikarudi haraka kupapasa tena. Mdomo wake ukafunguka.

Kwao wawili, "nisamehe" ni kujivuta sikio, kwa sababu bibi yao alikuwa akiwavuta masikio wakikosa, masikio yale yale yasiyofanya kazi. Baba aliuchukua mkono wa mdogo wake, akaupandisha kwenye sikio lake yeye mwenyewe, akaufunga vidole juu yake. Baba mdogo akatulia. Akalishika sikio vizuri. Kisha akalivuta, si mchezo, akalivuta hadi Baba akapinda shingo na machozi yakamtoka, na wote wawili wakawa wanacheka ile sauti yao nzito ambayo hawajawahi kuisikia. Halafu baba mdogo akautafuta mkono wa kaka yake, akaupata, akaupeleka kwenye sikio lake yeye, akaushikilia hapo. Vicheko vikakatika.

Baada ya hapo wakaanza kusema. Mkono ndani ya mkono, neno moja linarudiwa mara nyingi, linakosewa, linasahihishwa kwa kubanwa kidole, kisha neno jingine, kisha kwa haraka zaidi, hadi hujui mkono gani ni wa nani.

"Wanasema nini?" mama mdogo akanong'ona, mtu na akili zake, kana kwamba wangemsikia.

Tangu utotoni Breki ndiye aliyekuwa akiulizwa swali hilo, hospitalini, sokoni, kwa wenye mbao, na hajawahi kukosa jibu. Akanyoosha shingo, akajaribu. Viganja vilikuwa vimefunikana, na hakuna alichoweza kukisoma.

"Sijui, mama mdogo," akasema. "Tuwaache."